Namba 94: Kuchunguza Kasi ya Intaneti Inaposhuka Ghafla Nyumbani

Kifurushi cha intaneti ninachokilipia nyumbani kwangu, Dar es Salaam, ni cha megabiti 200 kwa sekunde, kupakua na kupakia, na kwa muda mrefu kila nilipopima nilikuta namba isiyopishana sana na hiyo. Ghafla ikashuka. Haikushuka hadi sifuri, wala haikuwa ikipanda na kushuka. Ilitua kwenye 94 na kuganda hapo asubuhi, mchana na usiku wa manane, katika kupakua na katika kupakia vilevile. Mtu anayehariri sauti na video kwa ajili ya wateja walio mbali, kama ninavyofanya mimi, huigundua tofauti hiyo mapema, kwa kuwa faili hilohilo huanza kuchukua muda mara mbili kumfikia mteja. Asiye na kazi ya namna hiyo angeweza kuishi na hitilafu hii mwaka mzima bila kuijua, kwa sababu megabiti 94 zinatosha kabisa kutazama video na kupiga simu za picha, huku kila mwezi akilipia nyingine zaidi ya mia asizozipata.

Ushauri ambao kila mtu huutoa hali ikiwa hivyo ni kuzima ruta, kusubiri kidogo, kisha kuiwasha tena. Siupingi, na mara nyingi husaidia, lakini una kasoro moja kubwa: unafuta ushahidi kabla haujasomwa. Kasi ikirudi, hujui kilichokuwa kimeharibika, na ikishuka tena wiki ijayo utaanza upya. Ndiyo maana napendelea kuacha kila kitu kama kilivyo kwanza na kuitazama namba yenyewe: imeshuka hadi wapi, inatulia au inarukaruka, inabadilika kwa saa au kwa chumba, na je, kupakua na kupakia vimeshuka pamoja au kimoja tu. Njia kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva iliyo Ulaya ina vipande vingi, na kila kipande kina namna yake ya kuharibika. Ukiijua namna hiyo, unajua pa kushika kabla hujaanza kumtafuta mchawi kwa mtoa huduma.

Namba 94 ina kwao. Waya wa mtandao unaounganisha vifaa nyumbani una nyaya nane ndogo ndani yake, zilizosokotwa katika jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Vifaa viwili vinapounganishwa kwa kasi ya megabiti 1,000, jozi zote nne hufanya kazi. Kwa kasi ya megabiti 100, jozi mbili tu zinahitajika, nazo kwa kawaida ni ya chungwa na ya kijani. Waya mmoja wa buluu au wa kahawia ukikatika, au usipogusa vizuri kwenye RJ45, yaani kichwa cha plastiki kilicho mwishoni mwa waya, ruta na kifaa cha upande wa pili hushindwa kuafikiana juu ya kasi kubwa, na vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi 100 bila kutoa onyo lolote. Intaneti haikatiki. Taa zinaendelea kuwaka. Kinachobadilika ni dari tu.

Na kwa nini 94 badala ya 100 kamili? Kwa sababu data haisafiri uchi. Kila pakiti hubeba anwani, alama za ukaguzi na nafasi tupu kati yake na inayofuata, na katika mpangilio wa kawaida kila baiti 1,538 zinazochukua nafasi kwenye waya zina baiti 1,448 tu za mzigo wenyewe, yaani takriban asilimia 94. Hesabu hiyo haitegemei ni nani anayekupa huduma wala unaishi mtaa gani, na kwa sababu hiyo namba hii ni shahidi mzuri mno. Ukiona kipimo kimeganda kati ya 93 na 95 ilhali unalipia zaidi ya mia, karibu hakuna haja ya kufikiria kitu kingine kabla hujakagua waya. Programu za kupakua mafaili huonyesha megabaiti badala ya megabiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Hapo dalili hiyohiyo itaonekana kama megabaiti 11 na ushei kwa sekunde. Ukikuta kipimo kimeganda kwenye megabiti 9.4, ni ugonjwa uleule uliozidi, kwani vifaa vimeshuka hadi kasi ya zamani ya megabiti 10.

Baada ya kuzishuku nyaya, ilibaki kujua ni upi. Nyumbani kwangu kuna vifaa viwili: kisanduku cha faiba kilichofungwa ukutani sebuleni, na ruta iliyo kwenye ujia, mahali ambapo waifai hufika vyumba vyote. Waya mmoja unatoka kwenye kisanduku kwenda kwenye ruta, na mwingine kutoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta yangu ya mezani. Kompyuta karibu zote huonyesha kasi ya muungano wa waya katika sehemu ya mipangilio ya mtandao, na yangu ilionyesha 1,000, kwa hiyo waya huo ulikuwa mzima. Nilipofungua ukurasa wa mipangilio wa ruta, kwa kuandika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, tundu lake linalopokea intaneti lilikuwa limeunganishwa kwa 100.

Hapo palibaki washukiwa watatu: waya, tundu la ruta, au tundu la kisanduku. Njia rahisi ya kuwatenganisha haihitaji chombo chochote cha fundi, ila kubadilishana nyaya tu. Niliupeleka waya wa kompyuta kwenye kisanduku, na ule wa kisanduku nikauleta kwenye kompyuta. Ruta ikaunganishwa kwa 1,000, na kompyuta ikaanguka hadi 100. Hitilafu ilikuwa imehama pamoja na waya, kwa hiyo matundu yote yalikuwa salama na hapakuwa na sababu ya kununua ruta mpya wala ya kumwita fundi. Kama hitilafu ingebaki palepale baada ya kubadilishana, ningejua kwamba tatizo liko kwenye mojawapo ya vifaa, na kwa kuwa kisanduku ni mali ya mtoa huduma, simu ya kwanza ingekuwa kwake.

Kilichouvunja waya kilikuwa kabati la vyombo lililosogezwa ukutani wakati wa usafi wa sikukuu, likaubana waya karibu kabisa na kichwa chake. Lakini kabati lilimalizia tu kazi iliyoanzia dukani. Nilipoumenya waya ule na kuukwangua kwa kisu, rangi ya shaba ilitoka na chini yake ikaonekana rangi ya fedha: ni alumini iliyopakwa shaba. Nyaya za aina hiyo zimejaa sokoni kwa kuwa ni nafuu, na kwa macho hazina tofauti na za shaba tupu, ila alumini haivumilii kupindwa na hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Ukienda Kariakoo kununua waya wa kupitisha nyuma ya samani, omba wa shaba tupu na usione haya kukwangua ncha yake mbele ya muuzaji. Hata uzito wake mkononi ni tofauti. Hakuna haja ya kulipia daraja la juu. Waya wa Cat 5e, ukiwa wa shaba halisi na umebanwa vichwa vizuri, hubeba megabiti 1,000 hadi umbali wa mita 100, na sijui nyumba ya kawaida inayozidi hapo.

Wasomaji wengi, hata hivyo, hawatakutana na 94, ama kwa sababu vifurushi vyao viko chini ya mia, ama kwa sababu hawana kifaa hata kimoja kinachotumia waya. Kwao kipande cha kwanza cha kushuku ni hewa. Kwa uzoefu wangu na wa majirani wanaonibishia hodi, malalamiko mengi ya kasi kushuka huishia kwenye waifai, nayo ina tabia ya kubadilika bila mtu yeyote kugusa kitu. Ruta za sasa hutangaza mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya ukuta wa matofali ya saruji vizuri zaidi lakini ni ya polepole na yamesongamana. Yale ya 5 ni ya kasi lakini huchoka haraka yakikutana na kuta. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuamka na kuchagua chaneli nyingine kabisa, na simu inaweza kung'ang'ania mawimbi ya 2.4 hata ikiwa mezani karibu na ruta. Simu yenye antena moja, kwenye mawimbi hayo na chaneli ya upana wa kawaida, huunganishwa kwa megabiti 72 kwa ubora wa hali ya juu ikiwa inatumia teknolojia ya zamani kidogo, na kasi halisi ni pungufu ya hapo sana. Mwenye kifurushi cha megabiti 100 atadhani ameibiwa.

Kipimo cha kuthibitisha ni chepesi: pima ukiwa chumbani, kisha simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, hakikisha simu iko kwenye mawimbi ya 5, upime tena. Namba ikirudi, mtoa huduma hana hatia. Kama ni lazima kubaki kwenye 2.4, ichagulie ruta chaneli ya 1, 6 au 11, kwani hizo tatu haziingiliani, na uchague ile ambayo majirani wameitumia kidogo zaidi. Katika jengo la ghorofa lenye ruta kila mlango, uchaguzi huo unaweza kuleta tofauti kubwa kuliko ruta ya bei mbaya. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au juu ya jokofu nayo imewekewa kikwazo na mwenye nyumba mwenyewe.

Kuna kushuka kunakofuata saa. Kasi ni nzuri alfajiri, inaanza kusuasua saa moja usiku watu wakirudi makwao, na inapona karibu na saa sita. Huo ni msongamano, na sababu yake iko nje ya nyumba. Faiba za majumbani mara nyingi hutumia teknolojia ya GPON, ambamo uzi mmoja wa kioo kutoka kwa mtoa huduma hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, nazo zote hugawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupakua na gigabiti 1.25 za kupakia. Mpangilio huo hauna ubaya kwa kuwa si wote wanaotumia kwa wakati mmoja, isipokuwa mtoa huduma anapouza kupita kiasi, au pale anapobana njia inayotoka kwenye kituo chake kwenda nje. Ndani ya nyumba hakuna cha kurekebisha. Kinachowezekana ni kupima kwa waya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku, na kuhifadhi picha za vipimo hivyo.

Na kuna kushuka kwa namba nzima kabisa: 10, au 5, au 2, siku yoyote na saa yoyote, mpaka malipo mapya yaanze. Namba 94 hutokana na hesabu ya pakiti, lakini namba nzima kama hizo kwa kawaida zimewekwa na mtu. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina sera ya matumizi ya haki ndani ya mkataba, inayopunguza kasi baada ya kiasi fulani cha data kutumika. Soma mkataba kabla ya kufungua ruta.

Faiba yenyewe inapougua, namba haigandi. Inarukaruka, muunganisho unakatika na kurudi, na wakati mwingine taa nyekundu iliyoandikwa LOS, ya kuonya kwamba mwanga haufiki, inawaka kwenye kisanduku. Mwanga husafiri ndani ya uzi wa kioo, na uzi huo ukikunjwa kwa kona kali sehemu ya mwanga huvuja nje. Mwanga wa kupakua, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,490, huathirika na mkunjo kuliko ule wa kupakia wa nanomita 1,310. Visanduku vingi vina ukurasa unaoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm, nayo huandikwa kama namba hasi. Karibu na -20 ni hali ya kuridhisha; inapokaribia -27 kisanduku kiko ukingoni. Kila kupungua kwa 3 katika kipimo hicho ni nusu ya mwanga kupotea, kwa hiyo namba iliyotoka -20 hadi -26 tangu mwezi uliopita imepoteza robo tatu ya mwanga wake, hata kama intaneti bado inapatikana. Angalia kama samani au mlango umeukunja uzi huo, ulegeze taratibu, na uishie hapo. Usichomoe kichwa chake na kamwe usichungulie ndani, kwa sababu mwanga huo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Namna nyingine huwachanganya hata wenye ujuzi, kwa kuwa kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri ilhali kurasa zinafunguka kwa shida. Hapo chunguza muda wa kwenda na kurudi badala ya kasi. Andika amri ya ping kwenye kompyuta, uielekeze kwenye anwani ya 8.8.8.8, ambayo ni ya seva za Google, na uiache iendelee. Nyumba ikiwa tulivu, majibu yatarudi kwa muda usiobadilika sana. Kisha mtu aanze kupakia kitu kikubwa. Kama muda unaruka kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia, pakiti zinapanga foleni ndani ya ruta zikisubiri njia nyembamba ya kupakia, na foleni hiyo humkwamisha kila mtu, hata anayepakua tu, kwa kuwa kila anachokipokea lazima atume taarifa ndogo ya kukiri kupokea. Mhusika mara nyingi ni simu inayohifadhi picha na video za harusi ya jana kwenye seva za mbali, bila mwenyewe kujua. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kuzuia hali hii kwa kuweka kikomo chini kidogo ya kasi ya kifurushi. Ikiwa yako unao, uwashe.

Mwisho wa njia ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, iliharibika katika pwani ya kusini mwa Afrika, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hizo hakuna waya wa kubadilisha sebuleni. Lakini hata katika hali ndogo kuliko ile, dalili ya tatizo la kimataifa inatambulika: huduma zenye seva nchini, au zinazohifadhi nakala za video zao hapa na kubadilishana data katika TIX, kituo ambacho watoa huduma wa nchini hukutanisha mitandao yao, zinakwenda vizuri, huku za nje zikisota. Programu za kupima kasi huchagua zenyewe seva iliyo karibu, kwa hiyo zitakuonyesha namba ya kupendeza. Ichagulie seva mwenyewe, moja ya Dar es Salaam na moja ya London au Johannesburg, ulinganishe. Usitarajie zilingane hata siku njema: kutoka hapa hadi London ni takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 75, na mikongo haipiti kwenye mstari ulionyooka. Linganisha na vipimo vyako vya zamani vya seva ileile.

Ikibidi kumpigia mtoa huduma, usimwambie kwamba intaneti iko polepole, kwa sababu atakujibu uzime ruta na kuiwasha. Mwambie umepima kwa waya, muungano wa vifaa vyako ni 1,000, nguvu ya mwanga kwenye kisanduku ni kiasi fulani, kupakua ni kiasi hiki saa fulani na kiasi kile saa nyingine, kwenye seva zipi, na tangu tarehe gani. Mara nyingi maelezo hayo yatakuvusha mtu wa kwanza anayepokea simu na kukufikisha kwa anayeweza kutazama laini yako. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike, kwani endapo shauri litafika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, utatakiwa kuonyesha kwamba ulianza kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe.